Kitabu cha kubofya kwenye kompyuta za shule: nitumie programu gani?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Pangani. Kwa miaka mingi nimekusanya maneno ya mabaharia na wavuvi wa pwani yetu: sehemu za jahazi, majina ya pepo, samaki na mitego. Maandishi yako kwenye Word, picha nimepiga kwa simu, na sauti za wazee nimezirekodi. Nataka kitabu cha kompyuta: mtoto abofye foromali (mti unaobeba tanga) kwenye picha, asikie jina lake na maelezo, kisha ajibu maswali na aambiwe papo hapo kama amepata. Shule ya jirani ina kompyuta nane, nyingine Windows 7, nyingine Windows 10, na intaneti ni ya kubahatisha. Wazazi wana simu za Android. Kijana mmoja fundi wa kompyuta ananishauri ninunue programu inayotoa faili la .exe, kama zile CD za kujifunzia za zamani. Ni sawa? Halafu baadaye nataka kukiuza, kisinakiliwe ovyo.

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nianze na jibu lenyewe. Usinunue programu ya kutoa .exe. Kitengeneze kitabu chako kwa mfumo wa mazoezi ya kubofya uitwao H5P, ukitumia programu ya bure iitwayo Lumi kwenye kompyuta yako, kisha ukitoe kikiwa faili la HTML, yaani ukurasa kama wa tovuti, sura moja faili moja. Litafunguka kwenye kompyuta zote nane na kwenye simu za wazazi, bila intaneti na bila kusakinisha chochote zaidi ya kivinjari kama Chrome au Firefox. Maandishi marefu, yale ya kusomwa tu, yatoe pia kwa EPUB, faili la vitabu vya kusomea kwenye simu. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na vikwazo ambavyo usipoambiwa mapema vitakula wiki zako.

Huyo kijana hajakudanganya. Anakumbuka zama ambazo kitabu cha kubofya hakikuwa na njia nyingine. Mwaka 1987 kampuni ya Apple ilitoa HyperCard, kazi ya Bill Atkinson. Ulikuwa unapewa kadi tupu, unaweka maandishi, picha na vitufe, na kila kitufe unakiambia kifanye nini kinapobofywa: kiruke kadi nyingine, kipige sauti, kifungue picha. Maagizo yake yaliandikwa kwa lugha iliyokaribia mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo walimu na wakutubi ambao hawakuwahi kuandika programu maishani walijitengenezea vitabu vyao wenyewe. Upande wa Windows ikaja ToolBook ya Asymetrix, kampuni iliyoanzishwa na Paul Allen, yule aliyeanzisha Microsoft pamoja na Bill Gates. Director ya Macromedia ikatawala soko la CD katika miaka ya 1990. NeoBook ya NeoSoft ikawalenga watu kama wewe hasa: unapanga kurasa, unachora vitufe, unabandika sauti, na mwisho programu inabana kila kitu ndani ya .exe moja. CD ilibeba karibu MB 650 wakati diski laini ilibeba MB 1.44, na ndiyo maana kitabu chenye sauti na video kiliwezekana ghafla. Huku kwetu wengi waliionja hali hiyo kwa mara ya kwanza kupitia Encarta, ensaiklopidia ya Microsoft iliyoanza mwaka 1993, ambayo nakala zake zilizunguka mashuleni na kwenye vibanda vya intaneti hata baada ya kuchakaa.

Sasa tazama kilichozipata. Apple iliacha kuuza HyperCard mwaka 2004. Encarta ilifungwa mwaka 2009. Adobe iliinunua Macromedia mwaka 2005, na mwaka 2017 ikaacha kuuza Director. Flash, iliyokuwa imebeba mamilioni ya michezo na masomo ya kubofya, ilifika mwisho wa huduma tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 kichezeshi chake cha kwenye kivinjari kikaanza kukataa chenyewe kufungua kazi za watu. Hata iBooks Author ya Apple, ambayo kwa maoni yangu ndiyo programu nzuri kuliko zote za aina hii kuwahi kutolewa bure, ilizaliwa Januari 2012 ikaondolewa Julai 2020. Na hao si wababaishaji, ni makampuni makubwa kuliko yote duniani katika kazi hii.

Programu kufa si msiba wenyewe, kwani zote hufa. Cha kuuliza ni kama kitabu kinakufa nayo. Aliyeandika kwa HyperCard alibaki na faili ambalo karibu HyperCard peke yake ndiyo ililielewa. Aliyeandika ukurasa wa HTML mwaka 1992 bado ukurasa wake unafunguka leo, kwenye simu ambayo wakati huo hakuna aliyeiota. Kurasa za mwanzo kabisa za wavuti, zilizoandikwa kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, zinasomeka vizuri kwenye kivinjari chochote cha sasa. Kwa hiyo mtu akiniuliza atumie programu gani, huwa namuuliza kwanza anataka abaki na faili la aina gani mkononi siku programu hiyo ikitoweka. Lumi nayo itakufa siku moja. Faili zako za HTML hazitajua.

Tuje kwenye .exe yenyewe, maana utabishana na kijana na ni vizuri uwe na silaha. Kwanza, haifunguki kwenye simu ya Android, na hapo umeshapoteza wazazi wote. Pili, kwenye Windows 10, .exe isiyo na saini ya kampuni inayotambulika inaposhushwa kutoka mtandaoni hutolewa onyo kubwa la buluu kwamba Windows imeilinda kompyuta yako. Mwalimu wa zamu akiliona anafunga na kwenda zake. Tatu, maabara za shule zimechoshwa na virusi vinavyosafiri kwa flashi, na antivairasi nyingi hufuta .exe ngeni bila hata kuuliza. Nne ni umri. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, yaani zile za DOS na za Windows 3.1. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba CD nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa na somo la biti 32 lakini kisakinishi cha biti 16. Somo lenyewe lingeweza kuendeshwa hadi leo, ila mlango wake ndio uliokufa.

Kwa hiyo kama shule bado ina CD ya zamani inayogoma, usiitupe. Ifungue kama folda, usibofye kisakinishi. Mara nyingi utakuta picha za .bmp na sauti za .wav zimekaa wazi, na unaweza kuzinakili moja moja. Ukikuta faili za .swf, hizo ni za Flash, na kuna programu ya bure iitwayo Ruffle inayozifungua nyingi, hasa zile za zamani.

Basi kwa nini nasema HTML ya faili moja, wakati HTML ya kawaida ni folda yenye ukurasa, picha na sauti pembeni? Kwa sababu ya WhatsApp. Kompyuta nane za maabara hazina tatizo na folda. Unainakili yote kwa flashi na kila kitu kinapata mwenzake. Lakini mzazi atatumiwa kitabu kwenye simu, na simu ya Android ikifungua ukurasa uliokuja kwa WhatsApp inaupa kivinjari faili hilo moja tu, si folda iliyokuwa pembeni yake. Matokeo yake ni ukurasa wenye maandishi na visanduku vitupu mahali pa picha. Faili moja lenye kila kitu ndani linaepuka balaa hilo. Gharama yake ni ukubwa: picha na sauti zikigeuzwa kuwa maandishi ili zikae ndani ya HTML zinaongezeka kwa theluthi moja.

Kuna mtego mwingine hapo hapo kwenye simu. Mzazi akigusa faili, simu inaweza kumuuliza afungue kwa nini, na baadhi ya simu zina kisomaji kidogo cha HTML ambacho hakiendeshi skripti, yaani maagizo yanayofanya vitufe vijibu. Kitabu kitaonekana kimekufa: kurasa zipo nusu, vitufe havijibu. Mwambie achague Chrome. Andika sentensi hiyo kwenye ujumbe wenyewe unaotuma faili, kabla ya salamu ikibidi, maana huu ndio utakaokuwa ugomvi wako wa kwanza na wasomaji.

H5P ilianzia Norway mwaka 2013. Ni mkusanyiko wa aina za mazoezi zilizokwisha kutengenezwa: maswali ya kuchagua, kujaza nafasi, kuburuta na kuweka, kadi za kukumbushia, picha yenye sehemu za kubofya, na kitabu kizima chenye kurasa na mazoezi ndani yake. Wengi huitumia ikiwa imewekwa kwenye tovuti. Lumi inakuwezesha kuitumia kwenye kompyuta yako bila tovuti. Isakinishe kwenye kompyuta ya Windows 10, si ile ya 7. Mara ya kwanza utahitaji intaneti, kwa kuwa kila aina ya zoezi inashushwa unapoichagua kwa mara ya kwanza. Nunua bando la siku moja, fungua kila aina unayofikiri utaitumia, kisha endelea kazi bila mtandao.

Chukua ukurasa wako wa jahazi. Kwenye orodha tafuta Image Hotspots. Unaweka picha ya jahazi, unabofya juu ya foromali, unaandika jina, maelezo ya mistari miwili, na unaambatisha sauti ya mzee. Alama ya kubofya inatokea pale pale. Nafasi yake inahifadhiwa kwa asilimia ya upana na urefu wa picha, kwa hiyo picha ikipungua kwenye simu alama haihami. Hilo halitakusumbua. Kitakachokusumbua ni vidole. Henza (kamba ya kupandishia tanga), mlingoti na foromali vinakutana karibu mahali pamoja kule juu, na kwenye skrini ya simu alama tatu zitapandana, mtoto aguse moja ifunguke nyingine. Gawa picha: ya kwanza chombo kizima, omo hadi tezi (mbele hadi nyuma), yenye alama tano au sita zilizoachana, ya pili tanga na kamba zake peke yake, iliyopigwa kwa karibu. Usijaribu kuweka jahazi lote na maneno ishirini kwenye picha moja. Kwenye skrini ya kompyuta yako itapendeza, na hapo ndipo utakapodanganyika.

Maswali ya kujaza nafasi yana utaratibu wake wa kuandika, na ukiujua yanakuwa mepesi sana. Unaandika sentensi nzima na jibu unalizungushia nyota: Mti unaobeba tanga la jahazi huitwa *foromali*. Programu inaficha neno na kuacha nafasi. Majibu mawili yanayokubalika yanatengwa kwa mkwaju (/). Dokezo linawekwa baada ya nukta pacha, ndani ya nyota hizo hizo.

Hapa Kiswahili kina mtego wake ambao mwongozo wa H5P hauutaji. Tuseme swali lako linataka jibu ng'onda (samaki aliyekaushwa). Ukiwa umeandika kwenye Word na kunakili, Word imeshageuza ile alama ya juu kuwa iliyopinda: ng’onda. Mtoto kwenye kibodi ya shule ataandika iliyonyooka. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, na mtoto aliyejua jibu anaambiwa amekosa. Andika zote mbili: *ng'onda/ng’onda*. Fanya hivyo kwa kila neno lenye ng', bila kuchoka. Pia zima ule mpangilio unaotofautisha herufi kubwa na ndogo, la sivyo Kaskazi na kaskazi havitalingana, na kibodi za simu hupenda kuanza na herufi kubwa zenyewe.

Huo mkwaju una kazi nyingine ninayoipenda zaidi. Jina la samaki mmoja linaweza kuwa moja Pangani, jingine Kilwa, jingine Lamu. Mtoto aliyelelewa na babu mvuvi akiandika jina la nyumbani kwao halafu mashine ikamwekea alama nyekundu, kitabu kimemfundisha vibaya. Weka majina yote uliyoyakusanya kuwa majibu sahihi, na kwenye maelezo baada ya jibu eleza lipi linatumika wapi. Kitabu cha karatasi hakiwezi kufanya hivi.

Sauti. Nadhani rekodi zako za simu zimekuja kwa namna mbalimbali, m4a, amr, pengine na zile za WhatsApp. Zigeuze zote kuwa MP3 kwa Audacity, ambayo ni ya bure. Kwa sauti ya mtu anayezungumza, chaneli moja na kilobiti 64 kwa sekunde zinatosha. Dakika moja inakuwa kama nusu MB, wakati dakika hiyo hiyo ikiwa WAV ya ubora wa CD ni kama MB 10. Kata kimya cha mwanzo, maana mtoto akibofya na kusubiri sekunde mbili atabofya tena na tena. Usiufute uvumi wote wa bahari nyuma ya sauti. Ukizidisha kusafisha, sauti ya mzee inakuwa ya bati. Na rekodi asilia usiziguse, zihifadhi mahali pawili tofauti.

Picha ya simu ya kawaida huwa na upana wa nukta 4,000 na uzito wa MB 3 au zaidi. Kwa kitabu hiki upana wa nukta 1,200 unatosha, na JPEG ya kiwango cha wastani itashuka hadi karibu KB 200. Piga hesabu: picha 60 za namna hiyo ni MB 12, sauti 40 za robo dakika ni MB 5. Jumla 17, ongeza theluthi ya kubanwa ndani ya HTML, ongeza na msimbo wa H5P wenyewe, unafika karibu 30. Hiyo inavumilika, lakini kwa kompyuta za zamani zenye kumbukumbu ya GB 2 mimi ningekigawa kwa sura: 01-jahazi, 02-pepo, 03-samaki, 04-mitego. Mzazi mwenye bando dogo anapokea sura moja kwa wakati, na wewe ukigundua kosa kwenye samaki huhitaji kusambaza upya kitabu kizima. Kwa maabara, tengeneza ukurasa mmoja mfupi wa yaliyomo wenye viungo vya sura zote, ukae kwenye folda moja nazo.

Kutoa faili, ndani ya Lumi unachagua kuhamisha, na utapewa njia tatu: HTML moja yenye vyote, HTML yenye faili za pembeni, na kifurushi cha SCORM, cha mifumo ya masomo ya mtandaoni. Ya kwanza ndiyo yako. Pia hifadhi faili la .h5p la kila sura. Hilo ndilo la kuhariri, na ni la wazi: ukibadilisha kiambishi chake kuwa .zip unaliona la ndani.

Kuhusu zile kompyuta za Windows 7: Chrome ya mwisho inayokubali kukaa humo ni toleo la 109, na Firefox ni ile ya 115 ya huduma ndefu. Yoyote kati ya hizo inatosha kwa kazi hii, ila mara nyingi utakuta bado wana Internet Explorer tu. Beba kisakinishi cha Firefox kwenye flashi yako. Na unapojaribu, zima mtandao kabisa, kwenye simu weka hali ya ndegeni. Kitabu kinachofunguka vizuri nyumbani kwako kwa sababu kinavuta kitu kutoka mtandaoni kimyakimya ni aibu inayokusubiri darasani.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni huu: mwanafunzi akifunga ukurasa, alama zake zimepotea. Kwa kompyuta nane, mwambie mwalimu watoto waandike alama kwenye daftari. Shule ikitaka kumbukumbu ya kila mwanafunzi, ipo Kolibri ya Learning Equality, ya bure pia: inasakinishwa kwenye kompyuta moja, nyingine zinaisoma kupitia Wi-Fi ya ndani bila intaneti, na inapokea mazoezi ya H5P. Lakini hiyo inataka mtu wa kuisimamia shuleni. Kama hayupo, usiianze.

EPUB sasa. Ni kurasa za HTML zilizofungwa ndani ya zipu pamoja na picha na orodha ya yaliyomo. EPUB 3 ya mwaka 2011 inaruhusu sauti, video, hata skripti, na inaweza kuangaza kila sentensi inaposomwa kwa sauti. Kwenye karatasi ni kila ulichoomba. Kwa vitendo, mwandishi haamui. Programu ya kusomea ndiyo inayoamua, na nyingi za kwenye Android zinaonyesha maandishi na picha tu, sauti hazichezi, maswali hayajibu. Ndiyo maana sikushauri ujenge kitabu cha kubofya juu yake. Lakini kwa zile simulizi zako ndefu za safari za baharini ni bora kuliko PDF, kwa sababu herufi zinakua na kujipanga kwa upana wa skrini, na mzee mwenye macho mabovu hahitaji kuburuta ukurasa kushoto na kulia. LibreOffice inafungua faili yako ya Word na kutoa EPUB moja kwa moja tangu toleo la 6.0 la mwaka 2018. Sigil, ya bure, inarekebisha yaliyoharibika. Humo hakikisha lugha imeandikwa sw. Ikiachwa en, simu inayosoma kwa sauti itayasoma maneno ya wazee wako kwa matamshi ya Kiingereza, na hutaki kuyasikia.

Nyingine nizipitie haraka. eXeLearning ni ya bure na imara, inatoa folda ya HTML, SCORM na EPUB. Ningeichagua kama wasomaji wako wangekuwa wa maabara tu. Twine inatoa faili moja la HTML na ni tamu kwa hadithi ambayo msomaji anachagua njia. Ukitaka kuandika safari ambayo mtoto ndiye nahodha, anaamua apige tanga au asubiri kusi litulie, itumie hiyo. Bloom ya SIL ni nzuri sana kwa vitabu vifupi vya picha vyenye sauti, lakini msomaji wa simu anahitaji programu yao ya Bloom Reader ili apate vyote. PowerPoint yenye viungo inafanya kazi, hadi ifike kwenye simu. PDF yenye vitufe na sauti inategemea programu ya kusomea, na zile za simu huvipuuza. Storyline na Captivate ni programu za makampuni yanayofundisha wafanyakazi wao. Bei yake ni ya makampuni hayo pia.

Kuhusu kuuza na kuzuia kunakiliwa, nitasema ukweli usioupenda: faili la HTML halifungiki. .exe nayo haifungiki, maana atakayenakili ananakili faili zima kwa flashi, hahitaji kuivunja. Mifumo ya kufuli inayofanya kazi inataka akaunti na intaneti, na wasomaji wako hawana. Mzazi mmoja mmoja usimtegemee kukulipa. Uza kwa shule, kwa taasisi, kwa hoteli za pwani zenye wageni wanaopenda mambo ya jahazi, na kwa vyuo vinavyofundisha Kiswahili, ukiwapa kitabu cha karatasi pamoja na faili. Sura ya jahazi itoe bure, izunguke kwenye simu ikiwa na jina lako na namba ya kukupata kwenye ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

Kabla ya kuuza, chukua ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Toleo la karatasi na la EPUB kila moja linapata namba yake. Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania utaihitaji ukitaka kitumike rasmi darasani, si kwa kukigawa kama kitabu cha kujisomea.

Ila sauti za wazee ndizo zinazonipa wasiwasi kuliko kufuli. Ulizirekodi kama mwalimu na jirani, si kama mchapishaji. Rudi kwao, au kwa watoto wao kama wenyewe wametangulia, uwasikilizishe kipande utakachotumia, uwaambie kitauzwa, na uandikiane nao kwa mkono: jina litajwe au lisitajwe, na kama kuna fungu watakalopata. Wengine watataka kurekodiwa upya kwa sababu meno yalikuwa yameng'oka siku ile. Wakubalie, na safari hii weka simu kwenye kitambaa juu ya meza, hatua moja kutoka mdomoni, upepo ukiwa mgongoni mwako.